Ukaribu Ambao Haujathibitishwa

Foleni ya dirisha namba nne pale idara ya elimu ilikuwa na sifa zake. Inasemekana kuna mtu aliingia humo kabla hajaota ndevu, akafika dirishani anaulizia pensheni. Waliosema walitia chumvi, ila si nyingi. Ilianzia kwenye kioo cha karani, ikapita mbele ya vyoo, ikashuka ngazi, ikatokea uani na kujikunja huko mara mbili, na kila aliyekuwemo alikuwa na karatasi mkononi na jasho shingoni.

Alhamisi hiyo, saa mbili asubuhi, akafika mwanamke wa miaka thelathini na minne. Suti ya buluu iliyopigwa pasi mpaka mikunjo yake ikawa inaogopesha, nywele zimebanwa nyuma, viatu vyeusi vya kisigino kifupi, faili mbili kwapani. Alikuwa wakili. Ofisini kwao walimwita Sindano, si kwa wembamba, maana Mungu hakumnyima, bali kwa maswali yake: yaliingia polepole, na mtu akagutuka kwamba amechomwa akiwa amekwisha kufika nyumbani.

Hajasimama vizuri, ikamjia sauti ya kiume kutoka chini.

"Lete kiatu, dada."

Akainamisha macho. Mwanamume alikuwa amechuchumaa mbele yake, shati jeupe limekunjwa mikono, kipande cha chaki kidoleni, kingine kimechomekwa nyuma ya sikio kama penseli ya seremala.

"Unasemaje?"

"Kiatu. Nikuandikie namba. Wewe ni wa arobaini na moja."

"Nani kakupa mamlaka hayo?"

"Foleni."

"Foleni haina mamlaka ya kumpa mtu mamlaka."

"Basi iambie mwenyewe, mimi naiogopa."

Watu arobaini waligeuka wakamtazama Sindano, kila mmoja na namba nyeupe kwenye ncha ya kiatu. Mmoja aliyevaa kandambili alikuwa ameandikwa ukuchani. Sindano, ambaye hajawahi kuona utaratibu asiutafutie tundu, akauchunguza huo nao, na hakukawia kulipata.

"Yule mzee kaja nyuma yangu. Nimemwona kwa macho yangu anashuka kwenye basi. Kapataje namba tano?"

"Ana goti bovu."

"Huo ni upendeleo."

"Dada yangu, wewe una magoti mawili mazima. Ukisimamishwa saa sawa na mwenye goti moja, hapo nani kapendelewa?"

Hoja hiyohiyo Sindano alikuwa ameipeleka mbele ya bodi ya shule mwaka uliopita, kwa niaba ya mwanafunzi wa kiti cha magurudumu. Ilimchukua kurasa ishirini na mbili na viambatisho. Huyu kaimaliza akiwa amechuchumaa.

Akasogeza mguu mbele. "Andika. Lakini usichafue ngozi."

"Ngozi ya kiatu au ya mguu?"

"Zote."

"Mguu sitauchafua. Mguu huu nitautolea taarifa."

Foleni nzima ikacheka. Ilipofika saa saba mchana walikuwa wamekwisha kujuana: yeye ni wakili, huyu ni mwalimu wa hisabati wa sekondari anayefuatilia barua yake ya kuthibitishwa kazini, na dirisha limefungwa kwa chakula wakiwa wamebakia watu wawili mbele yao.

"Nipe namba ya simu," alisema mwalimu.

"Ya nini?"

"Nimekupa namba tangu asubuhi. Wewe hujanipa hata moja."

Akampa. Usiku ule hakukipangusa kiatu. Wala kesho yake.

Kazi ya Sindano ilikuwa na miguu miwili. Mguu mmoja ni sheria za elimu: mwanafunzi aliyefukuzwa shule bila kusikilizwa, mtoto asiyeona aliyewekewa mtihani usio na nukta nundu, mzazi aliyeandikiwa barua ambayo hata aliyeiandika haielewi. Mguu wa pili ni uchunguzi wa ubaguzi kazini. Shule au chuo kikilalamikiwa na mfanyakazi wake, alitumwa yeye. Angekaa kwenye chumba kidogo chenye meza, jagi la maji na karatasi laini za kufutia machozi, akauliza maswali yaleyale matatu: nani alisema, alisema nini hasa, na nani mwingine alikuwepo. Kilichothibitika alikiandika. Kisichothibitika hakukiandika, hata kama moyo wake ulikuwa unampigia kelele.

Shida ya mtu wa kazi hiyo ni kwamba hurudi nayo nyumbani mdomoni.

Simu ya mwalimu, ambaye shuleni kwake walimwita Chaki, ilikuwa inaingia kila siku saa saba kasoro dakika tano, na kengele ya shule ikisikika nyuma yake.

"Haloo, mheshimiwa."

"Mheshimiwa ni jaji. Mimi nasimama mbele yake."

"Akikuona wewe, atasimama yeye. Umekula?"

"Nimekula."

"Shahidi?"

"Mwalimu, niko kazini!"

"Najua. Ndiyo maana nauliza kwa lugha ya kazini."

Angekata simu akitabasamu mpaka karani wa ofisi ya jirani akachungulia kuona kaokota nini. Jumamosi walikutana kwenye viti vya nje ya maktaba, yeye kavaa gauni la manjano aliloshonewa na shangazi yake, Chaki kavaa shati lilelile jeupe, au ndugu yake. Walibishana juu ya kila kitu: kama samaki hulala, kama hisabati ni lugha, kama mtu akisema uongo wenye faida ahesabiwe kasema nini. Kisha wangekwenda kwa shangazi, Chaki akaisifia chai yake kwa maneno ambayo chai yenyewe ingeyaonea haya.

Mwezi wa nne tangu foleni, kwenye kiti kilekile cha maktaba, Chaki aliweka utani chini.

"Nakupenda, Wakili."

Sindano akahisi damu imempanda hadi kwenye ndewe za masikio. Neno la kujibu lilikuwepo, limesimama nyuma ya meno, limevaa vizuri. Lakini aliwahi kulitoa hilo neno akiwa na miaka ishirini na sita, kwa bwana mmoja aliyeomba muda wa kufikiri, na mpaka leo anafikiri. Akakohoa.

"Nimepokea," alisema.

"Umepokea? Kama barua?"

"Nimepokea na ninaifanyia kazi."

Chaki alicheka sana. Ila kicheko kile kilikuwa na mkia mfupi, na Sindano, aliyezoea kusoma vicheko vya mashahidi, aliuona.

Mwezi wa tano ikaja faili.

Mkuu wa ofisi yao, mwanamke mnene wa maneno machache waliyemwita Mama Mkubwa, alimwekea mezani saa tatu na dakika kumi. Mlalamikaji alikuwa fundi wa maabara wa sekondari moja yenye geti la kijani. Mwanamke mfupi, miaka tisa kazini, anaijua kila chupa kwa harufu. Nafasi ya mkuu wa maabara ilipotoka, alikuwa na mimba ya miezi sita. Akapewa kijana mwenye miezi minane ya kazi. Na katika kikao cha walimu, mkuu wa shule alikuwa amesema, huku akicheka: "Maabara inataka mtu mwepesi. Tumbo lile litazoa chupa zote mezani."

Walimu kumi na wawili walikuwemo. Kumi na mmoja walishikwa na usahaulifu wa ghafla, wote siku moja, maradhi ambayo madaktari hawajayapatia jina. Mmoja tu alikuwa tayari kusema alichosikia. Sindano akashuka na kidole kwenye orodha ya mashahidi, akalikuta jina kamili la Chaki, lile la kwenye vyeti.

Akaifunga faili kama mtu aliyefunua sufuria akakuta nyoka. Saa tatu na robo alikuwa mlangoni kwa Mama Mkubwa.

"Siwezi kulichunguza hili. Shahidi namfahamu."

"Kwa kiasi gani?"

"Kwa... kiasi."

Mama Mkubwa alimsogezea fomu ya mgongano wa maslahi. Fomu yenyewe ilikuwa na visanduku: ndugu, mwenza, mchumba, rafiki, jirani, nyinginezo. Kisanduku cha mwisho kilikuwa na mstari wa kuelezea. Sindano akaishika kalamu. Ndugu, hapana. Mwenza, hapana. Mchumba, nani kamposa? Rafiki ungekuwa uongo. Basi akatia alama kwenye nyinginezo, akaandika kwa mwandiko wake mzuri wa kiwakili: *Ukaribu ambao haujathibitishwa.*

Akasaini. Faili ikapewa mzee mmoja wa ofisi hiyo aliyeitwa Kobe, mtu wa taratibu hata kwenye kupiga chafya.

"Unajua sharti," alisema Mama Mkubwa. "Shauri hili hutalizungumza na shahidi, na hutamwambia kwamba lipo mpaka aitwe."

Hapo ndipo Sindano alipokosea, kosa ambalo haliwezi kufanywa na mtu yeyote isipokuwa mtu makini kupita kiasi. Sharti lilimkataza kuzungumza habari za shauri. Yeye akaona salama ni kutozungumza kabisa. Simu ya saa saba kasoro dakika tano ikawa inalia, anaiangalia inacheza mezani kama samaki aliyetolewa majini. Akatuma ujumbe: "Nimebanwa kidogo." Kesho yake: "Bado." Jumamosi akasema ana mafua. Chaki akatembea na mvua, akaacha dawa kwa mlinzi wa getini, na malimau mawili. Siku tisa.

Siku ya kumi Kobe akamwita shahidi. Na kwa kuwa utaratibu unasema tamko la mgongano wa maslahi lisomwe kwa shahidi anayetajwa, Kobe alivaa miwani, akalisoma lote, neno kwa neno, pamoja na nukta.

Simu ikaingia saa kumi jioni. Safari hii Sindano aliipokea, maana haikuwa saa yake.

"Umeniandika," alisema Chaki.

"Mwalimu..."

"Nimesomewa. Yule mzee wenu ana sauti nzuri, angefaa kusoma taarifa ya habari. 'Ukaribu ambao haujathibitishwa.' Akaniuliza, unakubaliana na maelezo haya? Unajua nimejibu nini?"

"Sitakiwi kuongea na wewe habari ya..."

"Nimesema nakubaliana. Kwa sababu mwenye kuthibitisha ni wewe. Miezi mitano, Wakili! Ile dawa niliyoleta na mvua haikuthibitisha hata robo?"

"Ile ni lugha ya kazi tu."

"Sawa. Niambie kwa lugha ya nyumbani."

Upande wa pili watoto walikuwa wanapiga kelele za mpira.

"Nasubiri, mama."

"Wewe ni shahidi, mimi..."

"Habari za shauri sijakuuliza. Nimekuuliza habari zangu." Akangoja tena, pumzi mbili, tatu. "Haya. Nimepokea."

Simu ikakatika, na lile neno lilipomrudia Sindano sikioni, ndipo alipojua lina uzito gani kwa anayepewa.

Wiki ya tatu shangazi yake alimwita kupima gauni. Shangazi alikuwa mshonaji, mtu wa kuongea na pini nne mdomoni bila kumeza hata moja.

"Simama wima. Kiuno hiki nilikipima mwezi juzi. Inchi mbili zimekwenda wapi?"

"Kazi, shangazi."

"Kwa kazi ungekuwa umekonda tangu zamani. Mwalimu yuko wapi? Jumamosi ya tatu hii chai yangu haijasifiwa, mpaka imeanza kunishusha moyo."

"Kuna mambo siruhusiwi kusema."

"Ya ofisini usiniambie, nisije nikaitwa. Ya moyoni nani kakukataza? Umemwambia kwamba unampenda?"

"Anajua."

"Sijakuuliza anajua nini. Nimekuuliza, ulisema? Ulisema nini hasa? Na nani mwingine alikuwepo?"

Sindano akageuka kwa ghafla, pini ikamchoma ubavuni. "Shangazi, hayo ni maswali yangu!"

"Unadhani ulizaliwa nayo? Baba yako hakuwa na akili hiyo. Tulia." Akachomoa pini, akasema taratibu, "Mficha uchi hazai, mwanangu. Unataka kumpenda mtu bila kuacha alama. Hata chungu akipita kwenye sukari anaacha njia."

Kobe alimaliza uchunguzi kwa mwendo wake, akaandika kwamba fundi wa maabara alibaguliwa. Shule ikakata rufaa kwenye baraza la elimu, ikaweka wakili mwenye suti ya kijivu na manukato yaliyoingia chumbani dakika mbili kabla yake. Watu wakamwita Marashi, yeye akidhani wanamsifia. Marashi hakujisumbua kupinga maneno ya mkuu wa shule. Alishika jambo moja tu: ofisi iliyochunguza ina wakili ambaye ni kipenzi cha shahidi mkuu, kwa hiyo uchunguzi wote umeoza. Akaomba Sindano aitwe aulizwe chini ya kiapo.

Jioni moja kabla ya siku hiyo, Mama Mkubwa alimweka Sindano kitini.

"Sikiliza. Ukisema ulichoandika, kwamba ukaribu ulikuwa haujathibitishwa, fomu yako ni safi, tumemaliza. Ukisema ulikuwa unajua zaidi ya ulichoandika, umesaini tamko pungufu. Jina lako litakwenda kwenye nidhamu. Na Marashi atajaribu kuliangusha shauri zima kwa hilo."

"Litaanguka?"

"Sidhani. Lakini sina cha kukuahidi. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Bosi."

"Wewe jibu lako ni lipi?"

Sindano akachukua mkoba wake, akaondoka na swali hilo nyumbani.

Chumba cha baraza kilikuwa na meza ndefu, feni iliyokuwa inalalamika na viti vya plastiki. Fundi wa maabara alikaa kando ya ukuta, mtoto wa wiki tano kifuani, amefunikwa kanga. Mwenyekiti wa baraza, mzee wa nyusi nene, alimwita Chaki kwanza. Shati jeupe, safari hii na tai iliyofungwa na mtu asiyezijua tai.

Chaki alieleza kikao kile, maneno yale, kicheko kile. Hakuongeza, hakupunguza. Kila mtu alijua anachokihatarisha: barua yake ya kuthibitishwa kazini ilikuwa bado inangoja saini ya mkuu huyohuyo aliyekaa mbele yake akimtolea macho. Marashi akasimama.

"Mwalimu, huyu wakili ni nani wako?"

"Mimi nampenda."

"Na yeye?"

"Hilo muulize mwenyewe. Upande wangu, mimi sijathibitishwa. Si nyumbani, si kazini."

Chumba kikacheka, hata mtoto akashtuka. Sindano hakucheka. Alipoitwa, alisimama na suti yake ya buluu, akala kiapo.

"Wakili mwenzangu," alisema Marashi kwa sauti ya asali, "siku uliyosaini tamko hili, uliandika ukaribu haujathibitishwa. Hiyo ndiyo ilikuwa kweli yote?"

Neno moja lingetosha. *Ndiyo.* Leseni yake salama, fomu yake safi. Akamtazama fundi wa maabara, ambaye kwa miezi alikuwa anasema kweli mbele ya watu waliotaka anyamaze. Akamtazama yule mwanamume mwenye tai mbaya, aliyetoka kuweka mkate wake rehani kwa ajili ya maneno ya kikao. Miaka kumi na moja alikuwa anawakalisha watu kwenye vyumba vidogo akiwaomba waseme ukweli unaowagharimu. Na alijua jambo jingine, kwa ujuzi wa kazi: uongo mdogo ndani ya faili ni mchwa ndani ya boriti. Paa halianguki leo.

"Hapana," alisema.

Marashi alikuwa amekwisha kufungua mdomo kwa swali la pili. Akaubakiza wazi.

"Hapana?"

"Siyo kweli yote. Siku ile nilikuwa nampenda. Nilijua. Niliandika nilichoweza kukitetea, sikuandika nilichokijua. Kosa hilo ni langu, lishtakiwe lenyewe. Lakini niliona jina lake, nikaifunga faili, nikairudisha. Sikumhoji mtu, sikusoma ushahidi, na mwenzangu hakuniuliza chochote. Daftari la ofisi lina saa."

Mwenyekiti akaomba daftari. Mama Mkubwa akalitoa kwenye mkoba kana kwamba lilikuwa limelala humo siku zote. Mzee wa nyusi akasoma kwa sauti: faili kupokelewa, saa tatu na dakika kumi, kurejeshwa, saa tatu na robo. Akainua kichwa.

"Dakika tano. Mke wangu huchukua zaidi ya hizo kunitafutia soksi." Akamgeukia Sindano. "Nauliza, kwa ajili ya kumbukumbu tu. Haya uliyosema, mwalimu mwenyewe alikuwa anayajua?"

"Hapana, mwenyekiti. Ameyasikia sasa hivi. Pamoja na ninyi."

Macho yote yakahamia kwa Chaki. Alikuwa amesimama bila kujua amesimama. Akafungua mdomo.

"Kaa chini, mwalimu!" mwenyekiti akamkatiza. "Wewe bado ni shahidi. Uamuzi utasomwa baada ya siku kumi na moja. Mpaka hapo, shahidi na wakili huyu ni marufuku kuongea. Kwa mdomo, kwa simu, kwa barua, kwa mtu wa kati. Mmenielewa?"

Jamani, mateso yapo ya aina nyingi, lakini nani amewahi kutamka penzi mbele ya umati, halafu likawekewa zuio la siku kumi na moja kujibiwa? Sindano alirudi nyumbani. Simu haikulia saa saba kasoro dakika tano, na alijua haitalia, na bado aliitazama.

Siku ya nne waligongana dukani, mtaa wa tatu kutoka kwa shangazi. Yeye ana sabuni, Chaki ana mkate. Wakasimama. Chaki akatoa tabasamu la mtu aliyemeza taa, akaufungua mlango, akaushikilia. Mwenye duka, mama mmoja mpenda habari, akawaangalia mmoja baada ya mwingine.

"Nyie mmegombana?"

Wote wawili wakatikisa vichwa kukataa, kwa nguvu.

"Mmepatana?"

Wote wawili wakatazama dari.

"Mna nini basi, mmekatwa ndimi?"

Sindano akatoka upesi, mkono wake ukapita karibu na mkono wa Chaki kwa umbali ambao hata sheria isingeuona. Amri ilitaja mdomo, simu, barua na mtu wa kati. Joto haikulitaja. Siku zote kumi na moja alizihesabu kwa vidole, na alipomaliza vya mikono alibakiwa na kidole kimoja cha mguu.

Uamuzi ulisomwa Jumanne saa nne asubuhi. Mwenyekiti alisoma polepole, kama mtu anayekula mfupa. Uchunguzi ulikuwa halali. Maneno ya mkuu wa shule yalitamkwa, na kupewa nafasi ile mtu mwingine kulitokana nayo. Fundi wa maabara apewe cheo chake kuanzia siku aliyonyimwa, na shule imwombe radhi kwa maandishi. Shahidi asiguswe, na barua yake ya kuthibitishwa itolewe na bodi, si na mkuu. Fundi hakupiga kelele. Alimfunua mtoto uso, akamwambia kwa sauti ndogo, "Umesikia? Hujavunja hata chupa moja." Mtoto akapiga mwayo.

Mlangoni Mama Mkubwa alimpa Sindano bahasha. "Barua ya onyo. Miezi mitatu hutagusa uchunguzi wa ubaguzi, utashika kesi za wanafunzi tu. Nimeiandika mwenyewe. Nimeirudia mara tatu, kicheko kinaniharibia mwandiko."

"Asante, Bosi."

"Usinishukuru, ni adhabu." Akaenda zake, mabega yanatikisika.

Kwenye ukumbi nje ya chumba, simu ya Sindano ikalia. Akaangalia saa: saa tano na dakika mbili. Akaangalia mbele: Chaki amesimama hatua tano kutoka kwake, simu sikioni, tai imekwisha kuingia mfukoni.

"Haloo," alisema Sindano, akimtazama.

"Haloo. Samahani kwa kuchelewa kujibu. Nilikuwa nimezuiwa na vyombo vya sheria."

"Nimesikia habari hizo. Pole."

"Wakili, ulisema ulinipenda tangu lini? Kule ndani hukutaja tarehe."

"Alhamisi. Foleni."

"Saa ngapi?"

"Mwalimu!"

"Najifunza kazi yako. Nani mwingine alikuwepo?"

"Watu arobaini na mzee mwenye goti bovu." Kicheko na kilio vikagombania njia moja. "Nisamehe. Nilikuandika vibaya. Nilikuandika kama mtu anayeogopa."

"Na mimi nilikata simu kama mtoto. Tumelipana." Alikuwa anakuja, hatua moja kwa kila sentensi, simu bado sikioni. "Mpenzi, nina jambo. Nilikuwa nimepanga kulisema kwa shangazi, nimevaa vizuri, nimeisifia chai kwanza. Lakini siku kumi na moja nimekaa nalo, limenivimbia kifuani."

"Liseme."

"Unajua mshahara wa mwalimu?"

"Naujua kisheria."

"Unajua nakoroma?"

"Hilo halijaletwa mbele yangu. Endelea."

"Utakubali nikuoe, tugombane juu ya samaki mpaka..."

"Ndiyo," alisema Sindano.

"Sijamaliza."

"Malizia. Ndiyo."

"Mpaka tuzeeke. Nilitaka kusema mpaka tuzeeke."

"Ndiyo ya tatu hiyo. Nakupenda. Nakupenda, Mwalimu, nakupenda!" Na kwa kuwa neno lenyewe lilikuwa limefungiwa miaka minane, lilitoka na sauti ambayo ukumbi ule wa saruji uliipokea, ukaizungusha, ukaipeleka mpaka kwenye ngazi na kuirudisha.

Mlango wa chumba cha baraza ukafunguka kwa kishindo. Karani akatoa kichwa, kalamu mdomoni, macho yamemtoka.

"Jamani, eh! Humu ndani kuna watu wanasomewa mashtaka! Kama ni kuoana, mkaoane nje!"

Wakaomba radhi, wakashikana mikono, wakatii amri.